Buster Keaton: nani hasa alimmaliza? MGM, sauti, pombe au shemeji yake?

#1 Mzee wa Projekta

Wakuu, salaam.

Kila uzi wa vichekesho vya zamani humu ndani unaanzia kwa Charlie Chaplin na kuishia kwake. Leo naomba tumjadili Buster Keaton, mchekeshaji wa filamu bubu wa Marekani. Kazaliwa 4 Oktoba 1895 huko Piqua, Kansas, kafariki 1 Februari 1966. Kati ya 1920 na 1928 katoa filamu fupi 19 na ndefu 10, anacheza, anaongoza, anabuni vituko na kuvifanya mwenyewe. Januari 1928 akasaini na MGM, studio kubwa ya filamu ya Hollywood. Februari 1933 MGM hao hao wakamfukuza. Miaka mitano tu, na mtu aliyekuwa anaangushiwa ukuta wa nyumba akabaki kusimama pembeni ya mchekeshaji Jimmy Durante akisubiri zamu yake ya kuongea.

Dai langu: MGM ndiyo iliyommaliza. Si kuja kwa filamu za sauti, si pombe. Anayepinga aje na hoja.

#2 Bi Mkora

Nimevuta kiti, karanga ninazo. Wenye nondo shusheni.

#3 Reli ya Kati

Mzee wa Projekta, umeanzia hadithi katikati. Anzia 1926.

Mwaka huo Keaton alikwenda Cottage Grove, Oregon, kupiga filamu yake ya The General. Kisa chenyewe ni cha kweli: Aprili 1862, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, kikosi cha James Andrews kiliiba kichwa cha treni kule Georgia na kukimbia nacho kaskazini. Kichwa chenyewe bado kilikuwepo Chattanooga, Tennessee, lakini wenye reli waliposikia ni kichekesho wakakataa kukitoa. Oregon kulikuwa na reli za wakata magogo, vichwa vya zamani vilivyoweza kurembwa vionekane vya 1862, na sehemu zenye njia mbili sambamba, ambapo gari la kamera lilikwenda njia moja na treni njia nyingine.

Tarehe 23 Julai 1926 wakapitisha kichwa cha treni halisi juu ya daraja la mbao lililotegwa livunjike, kikaanguka mtoni. Shoti moja, kamera sita, hakuna kurudia. Inatajwa kuwa iligharimu dola 42,000. Jumla ya filamu ilifika kama dola 750,000, na ndani ya Marekani ikaingiza kama 474,000. Wahakiki wa New York nao wakaiponda.

Baada ya hapo bosi wake Joseph Schenck akamwekea msimamizi wa matumizi, Harry Brand. Kwa hiyo kamba ilishaanza kukazwa akiwa bado kwenye studio yake. MGM walikuja kukuta mlango uko wazi.

#4 Mzee wa Projekta

Hesabu nakubali, tafsiri siikubali. Baada ya hasara hiyo bado alipewa kujenga mji mzima ukingoni mwa mto Sacramento kwa ajili ya Steamboat Bill, Jr. Mtu aliyekatwa mikono hapewi mji.

#5 Chai Rangi

Mnasahau mambo ya msingi. Huyu jamaa jina la Buster alipewa na mfanya mazingaombwe Harry Houdini baada ya kubingirika ngazi akiwa mtoto, hakuwahi kucheka mbele ya kamera maisha yake yote, na kila stanti alifanya mwenyewe bila mtu wa badala. Alivunjika shingo akaendelea kukimbia.

#6 Dada wa Uhariri

Chai Rangi, jina lako limekukaa sawasawa. Tuchambue moja moja.

Houdini: baba yake, Joe Keaton, alikuwa bingwa wa kuuza habari kwa magazeti. Simulizi za mwanzo zilimtaja msanii mwingine. Houdini alipokuwa maarufu zaidi, akaingizwa yeye.

Kucheka: tazama Coney Island ya 1917, anacheka hadi meno ya nyuma. Wakati huo alikuwa msaidizi wa mchekeshaji Roscoe Arbuckle na uso wa jiwe ulikuwa bado haujawa chapa yake ya kudumu kwenye filamu. Mwaka 1934 akiwa Ufaransa akacheza Le Roi des Champs-Élysées, na mwishoni anatabasamu.

Mtu wa badala: katika College ya 1927 kuna sehemu anaruka kwa upondo kuingia dirisha la ghorofani. Aliyeruka ni Lee Barnes, bingwa wa Olimpiki wa 1924 wa mchezo huo. Keaton aliona kujifunza kuruka vile kungemla miezi ya mazoezi.

Shingo: hiyo ni kweli. Sherlock Jr., 1924. Anakimbia juu ya mabehewa, anashika kamba ya bomba la tangi la kujazia treni maji, maji yanamwagika kwa nguvu kuliko walivyotarajia, yanambamiza chini na kisogo kinapiga reli. Akapata maumivu ya kichwa, kisha akaendelea na kazi. Daktari aliona alama ya mvunjiko kwenye eksirei miaka mingi baadaye. Shoti imo ndani ya filamu, na anainuka na kukimbia.

Na kwako Mzee wa Projekta: "anaongoza" inahitaji nyota pembeni. College imeandikwa jina la James Horne, Steamboat Bill, Jr. la Charles Reisner, The Navigator anashirikiana na Donald Crisp. Watu wa enzi hizo hawakugombania jina la mwongozaji kama leo.

#7 Chai Rangi

Kilichobaki ni nini sasa? Kesho mtasema hata treni ilikuwa ya boksi.

#8 Reli ya Kati

Treni ilikuwa ya chuma. Ililala mtoni pale hadi Vita Kuu ya Pili ndipo ikatolewa kama chuma chakavu. Dereva unayemwona anaangukia mtoni ni sanamu, ila baadhi ya watazamaji waliokusanyika kandokando hawakujua wakapiga mayowe.

Stanti ya hatari kuliko zote kwenye The General si ile ya daraja. Ni pale amekaa kwenye fito ya chuma inayounganisha magurudumu, treni inaanza kwenda na fito inampandisha na kumshusha. Inaonekana ya utulivu kabisa. Shida ni mvuke: dereva akifungua kwa pupa, magurudumu makubwa huteleza na kuzunguka ghafla kabla ya kushika reli, na fito huzunguka nayo kwa kasi hiyo hiyo. Hapo mtu anarushwa au anakatwa miguu. Usalama wote ulikuwa kwenye kiganja cha dereva.

Na ile ya mataruma, yale magogo yanayolazwa chini ya reli: amekaa mbele ya kichwa cha treni, amebeba taruma moja, mbele yake kuna jingine limelala juu ya reli. Analirusha la mkononi ligonge ncha ya lile lililolala, yote mawili yanaruka pembeni. Akikosea, treni inapanda taruma naye yuko mbele.

#9 Kisiki cha Mpingo

Turudi kwenye mada kabla hamjaifanya gereji.

Mimi nasema ni sauti, lakini si kwa sababu mnazodhani. Sauti yake haikuwa na tatizo: nzito, ya kukwaruza kidogo, na alikuwa jukwaani tangu utoto wake. Tatizo lilikuwa vifaa. Mwaka 1929 na 1930 kamera ilifungiwa ndani ya kibanda ili mngurumo wake usiingie kwenye maikrofoni. Maikrofoni haisogei, kwa hiyo mwigizaji hasogei. Kamera haifuati mtu mtaani. Na kasi ikafungwa: fremu 24 kwa sekunde, basi.

Keaton alikuwa anacheza na kasi ya mkono. Mpiga picha akizungusha mpini mara mbili kwa sekunde anapata fremu 16, maana mzunguko mmoja ni fremu 8. Ukitaka mbio zionekane kali zaidi unapunguza mzunguko kidogo kwenye shoti hiyo tu. Sauti ilipokuja, kifaa hicho kikatoka mkononi. Aliyezoea kuendesha kwa gia nne akabakiziwa moja.

#10 Dada wa Uhariri

Kisiki, hoja nzuri, ila ina tundu. Vibanda vile vilidumu muda mfupi tu. Kufikia 1931 kamera zilishavalishwa vifuniko na zilikuwa zinatembea tena. Mbona filamu zake za 1932 ndizo mbaya zaidi?

#11 Kisiki cha Mpingo

Kwa sababu mazoea ya kuandika maneno mengi yalishakita mizizi. Na usisahau jambo la lugha. Kabla kutia sauti za lugha nyingine juu ya filamu hakujawa kawaida, MGM walipiga filamu ile ile upya kwa lugha nyingine. Free and Easy ya 1930 ina toleo la Kihispania, Estrellados, na Keaton mwenyewe anatamka Kihispania kwa kukariri jinsi maneno yanavyosikika. Zilizofuata akafanya na Kifaransa na Kijerumani. Filamu bubu ilihitaji kubadilisha vibao vya maandishi tu na ikaenda dunia nzima. Hapa unarudia onyesho moja mara tatu kwa lugha usizozijua. Kituko kinachotegemea mshtuko hakiwezi kupona hapo.

#12 Hesabu Kali

Nyote mnajadili sanaa. Hebu tazameni karatasi za fedha.

Chaplin alikuwa mwanzilishi mwenza wa kampuni ya filamu ya United Artists mwaka 1919. Mchekeshaji mwenzao Harold Lloyd alimiliki kampuni yake na filamu zake. Keaton? Studio ilibeba jina lake, Buster Keaton Productions, lakini hisa zilikuwa za Schenck na wenzake. Yeye alilipwa dola 1,000 kwa wiki na asilimia 25 ya faida. Schenck alikuwa mume wa mwigizaji Norma Talmadge, na Keaton alimwoa Natalie Talmadge, mdogo wake Norma, 31 Mei 1921. Kazi ikaendeshwa kindugu, kwa kuaminiana.

Mwaka 1928 Schenck alipoamua kufunga studio, Keaton hakuwa na chochote cha kuuza wala cha kubaki nacho, hata mkanda mmoja. Schenck akamwambia aende MGM, ambako kampuni mama ilikuwa chini ya Nicholas Schenck, ndugu yake. Chaplin na Lloyd wote walimwonya asiende. Mshahara dola 3,000 kwa wiki, akaona ni nono.

Aliyemmaliza ni shemeji. MGM walinunua tu kilichopelekwa sokoni.

#13 Bi Mkora

Ndiyo maana wazee husema ukifanya biashara na shemeji andikishaneni mbele ya mjumbe 😂

#14 Mtoto wa Pwani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwazunguka mbuyu, pombe hamuitaji.

Kuanzia 1930 alikunywa vibaya, siku nyengine hakutokea kazini kabisa. What! No Beer? ya 1933 itazameni kwa makini: macho yamevimba, ulimi mzito, aweka mguu kwa kuutafuta. Ndoa nayo ilivunjika 1932, Natalie akachukua nyumba yao kubwa ya Beverly Hills, na watoto wawili wa kiume wakabadilishwa jina la ukoo wakawa Talmadge. Studio gani itamvumilia mtu asiyekuja, na kila siku ya kusimama ni hasara? Louis B. Mayer, bosi wa MGM, hakumpenda, hilo lajulikana, lakini sababu alipewa mkononi.

#15 Mzee wa Projekta

Mtoto wa Pwani, waalaykum salaam. Pombe ilikuja lini? Baada ya mkataba. Umetaja moshi, mimi nautafuta moto.

Niwape mfano wa MGM walivyofanya kazi. Kwenye studio yake, kundi lilikaa chumbani na kutafuta mwanzo na mwisho wa hadithi. Katikati wakaiachia siku za kupiga. Mswada mrefu wa kurasa haukuwepo. Wakikwama walitoka nje kucheza besiboli hadi wazo lije, na mshahara wa siku ukaenda. Kisha filamu inapelekwa kwenye ukumbi wa mji mdogo bila kutangazwa, wanakaa nyuma wanasikiliza wapi watu wanacheka na wapi wanakohoa. Wakirudi wanapiga upya sehemu iliyolala.

Seven Chances ya 1925 iliokolewa hivyo. Mwishoni anakimbizwa na mamia ya wanawake waliovaa mavazi ya harusi, na watu walikuwa wanacheka kiasi tu. Katika shoti moja akiteremka kilima aligonga mawe, matatu yakaanza kubingirika nyuma yake, naye akageuka kuyatazama. Ukumbi ukalipuka. Wakarudi, wakatengeneza mawe mengi ya bandia kuanzia ya ukubwa wa mpira hadi makubwa kuliko mtu, wakayamwaga mlimani. Hiyo ndiyo sehemu inayokumbukwa leo.

MGM hawakuwa na nafasi ya jambo hilo. Mswada upitishwe kwanza, mtayarishaji Lawrence Weingarten atie neno, waandishi kadhaa waongeze vichekesho vya mdomo, stanti zizuiwe kwa sababu nyota ni mali ya kampuni. The Cameraman ya 1928 ilitoka vizuri kwa sababu walimwachia kwa mara ya mwisho, na mpiga picha wake wa siku nyingi, Elgin Lessley, bado alikuwepo.

#16 Hesabu Kali

Mzee, hapo pana jiwe dogo kiatuni mwako. Zile filamu za sauti za MGM unazozidharau ziliingiza fedha kuliko The General. Umma wa wakati ule haukulalamika. Kampuni inayopata faida itajuaje kwamba inamharibu mtu?

#17 Mzee wa Projekta

Soda nayo inauza kuliko maziwa.

#18 Fundi Bawaba

Samahani wakuu, nawatoa nje ya mada kidogo. Kuna aliyetaja ukuta. Tunao vijana humu wanaopiga vichekesho vya simu na nimeona wawili wametaka kuuiga. Kabla hamjazikwa, someni.

Steamboat Bill, Jr. ya 1928. Upande wa mbele wa nyumba unaanguka mzima, Keaton amesimama, dirisha la juu linampitia. Ukuta ulikuwa na uzito wa takriban tani mbili. Wengi hushangaa kwa nini hawakutumia mbao nyepesi. Jibu ni upepo. Walikuwa na mashine za upepo zenye injini za ndege kwa ajili ya kimbunga. Ukuta mwepesi ungejipinda ukiwa njiani, na ukijipinda dirisha linahama. Uzito na ugumu ndivyo vilivyolifanya lishuke palepale. Bawaba chini zilifungwa imara, ukuta ukalazwa juu yake taratibu kwanza, dirisha likapimwa kufuata mwili wake, nafasi ikabaki inchi chache kichwani na mabegani. Alama ya kusimama ilikuwa msumari ardhini.

Sasa hesabu. Ukuta unazunguka kwenye bawaba, kwa hiyo kila sehemu yake inachora duara. Chukua mtu wa mita 1.65 aliyesimama mita 4 mbele ya ukuta, unene wake sentimita 30 hivi. Ukingo wa chini wa dirisha lazima uwe chini ya mita 3.85 kutoka bawabani, usipige visigino. Ukingo wa juu lazima uwe zaidi ya mita 4.47, usipige utosi. Yaani dirisha la sentimita 60 hivi linatosha kinadharia. Msogeze awe mita 1.5 kutoka ukutani, utahitaji dirisha la karibu mita nzima. Ndiyo maana linatumika dirisha la juu na mtu anasimama mbali: kadiri anavyokaa mbali, ndivyo ukuta unavyomfikia ukiwa karibu kulala na dirisha dogo linampitisha mzima.

Kinachoua ni vitu vitatu: bawaba kuteleza mbele hata sentimita kumi, ukuta kujipinda, na mtu kusogeza mguu kwa woga. Hakuna kati ya hivyo utakachokiona kwenye jaribio la karatasi.

#19 Chai Rangi

Nasikia siku ile alikuwa hajali kufa.

#20 Fundi Bawaba

Aliambiwa karibu na siku hiyo kwamba studio inafungwa, na mwenyewe baadaye alikiri akili yake haikuwa sawa. Lakini usiliuze kama jaribio la kujiua. Alishafanya kituko hicho kwa ukubwa mdogo mwaka 1919 kwenye Back Stage, na 1920 kwenye One Week. Hapa alikuza kipimo. Mtu anayetaka kufa hapigi msumari wa alama.

#21 Sogea Tuone

Mimi ni mmoja wa hao wawili 😅 Njia salama ni ipi basi, mkuu?

#22 Dada wa Uhariri

Weka simu kwenye stendi, funga fokasi na mwanga visijibadilishe vyenyewe. Piga shoti ya kwanza: ukuta wa thamofomu (povu gumu jepesi) unaanguka, hakuna mtu. Usiguse stendi. Piga ya pili: wewe umesimama kwenye alama, hakuna ukuta. Kisha ziunganishe kwenye programu ya uhariri, ukikata umbo lako. Mambo mawili yatakuumbua: kivuli cha ukuta hakitakupitia, kwa hiyo piga siku ya mawingu, na vumbi halitapanda miguuni kwako, kwa hiyo mtu wa pembeni apulize vumbi katika shoti ya pili wakati unaofanana.

Keaton mwenyewe alikuwa gwiji wa njia hii. The Playhouse ya 1921 ina Keaton tisa kwenye safu moja jukwaani. Alikuwa amevunjika kifundo cha mguu alipokuwa akipiga The Electric House, akahitaji filamu isiyo na kuruka sana. Wakavalisha lenzi kisanduku chenye vifuniko tisa vyembamba. Unafungua cha kwanza, unapiga, unafunga. Unarudisha mkanda nyuma hadi alama ileile. Unafungua cha pili. Mara tisa, mkanda ule ule, bila kuuosha katikati. Lessley alizungusha mpini kwa mkono kila mara kwa mwendo uleule, la sivyo Keaton wa tatu angecheza haraka kuliko wa nne. Kosa likitokea raundi ya nane, zote nane zinatupwa.

Na Sherlock Jr., pale anaingia ndani ya skrini na mandhari inabadilika huku yeye yuko palepale: walipima umbali wake na kamera kwa vifaa vya wapima ardhi, na wakatumia fremu ya mwisho ya shoti iliyopita kumpanga upya asimame vilevile.

#23 Sogea Tuone

Shukrani sana dada. Msiba umeahirishwa.

#24 Mtoto wa Pwani

Haya, turejee. Hamjanijibu. Kama MGM ndiyo iliyomuua, mbona alipotoka MGM hakufufuka? Akenda studio ya Educational akafanya filamu fupi 16 kati ya 1934 na 1937. Akenda Columbia, fupi 10, 1939 hadi 1941. Hapo hapana Mayer. Ziko wapi?

#25 Reli ya Kati

Bajeti, kaka. Filamu fupi ya studio yake mwenyewe ilichukua wiki kadhaa. Educational na Columbia walitaka imalizike kwa siku chache. Ondoa muda wa kujaribu na kurudia, unabaki na mtu anayeanguka vizuri tu. Hata hivyo Grand Slam Opera ya 1936 ina vipande vya Keaton yule yule. Kipaji hakikuondoka, muda ndio uliondoka.

#26 Kisiki cha Mpingo

Na kundi lake lilishatawanyika. Jean Havez, mwandishi wake, alifariki 1925. Kitu tunachokiita "Keaton" kilikuwa chumba cha watu watano, sita. Hatujakijadili hicho hata kidogo, na huenda ndicho jibu.

#27 Hesabu Kali

Kisiki, ukienda huko basi dai la Mzee linaanguka, maana Havez hakufukuzwa na MGM, alifukuzwa na Muumba.

#28 Mama Sinema

Nimesoma wote. Mnaandika tanzia ya mtu aliyeendelea kufanya kazi miaka 33 baada ya kufukuzwa.

Alirudi MGM hiyo hiyo kama mbunifu wa vituko kwa dola 100 kwa wiki, akawasaidia wachekeshaji Marx Brothers na Red Skelton. Mwaka 1940 akamwoa Eleanor Norris, na ndoa hiyo ikadumu hadi alipofariki. Mwaka 1947 akafanya onyesho kwenye sarakasi ya Cirque Medrano, Paris. Mwaka 1949 makala ya mhakiki James Agee kwenye jarida la Life ikawakumbusha watu. Akawa na kipindi cha televisheni. Mwaka 1952 akatokea na Chaplin kwenye filamu ya Limelight. Paramount wakamlipa dola 50,000 kwa filamu ya maisha yake iliyotoka 1957. Filamu yenyewe ni matango pori mwanzo mwisho, lakini fedha zilimnunulia nyumba Woodland Hills. Akapata Oscar ya heshima. Mwaka 1965 tamasha la filamu la Venice likamsimamia na kumpigia makofi. Kwa hiyo neno "alimmaliza" mimi silipokei.

Filamu zenyewe zilipona kwa bahati. Mwigizaji James Mason aliinunua ile nyumba ya Beverly Hills na kukuta mikanda imehifadhiwa humo. Na Raymond Rohauer, kuanzia 1954, akawa anakusanya na kunakili mingine kabla haijaoza. Mikanda ya naitreti, ile plastiki ya filamu za zamani, ikianza kunata na kunuka, siku zake zinahesabika.

#29 Mzee wa Projekta

Mama Sinema, heshima yako. Lakini dola 100 kwa wiki pale pale alipolipwa 3,000, huoni ni nini hicho?

#30 Mama Sinema

Naona kazi. Na hakuwa na mswada wa kupitishiwa.

#31 Sogea Tuone

Naweza kupandisha vipande vyake kwenye chaneli yangu bila kufungiwa?

#32 Dada wa Uhariri

Filamu zake zote bubu zilizotoka hadi 1928 sasa hazina hakimiliki Marekani. Kinachowafungia watu ni muziki. Matoleo yaliyosafishwa yana muziki mpya wenye mwenyewe, na mfumo unaunasa. Zima sauti yote, weka muziki wako. Kagua pia kasi kabla hujakata: ukiona watu wa nyuma, wasio na kituko chochote, wanatembea kama wanakimbilia daladala, toleo lako limeharakishwa. Punguza hadi hatua zao ziwe za kawaida, kisha ndipo uhukumu mbio za Keaton.

#33 Bi Mkora

Kwa mtu asiyemjua kabisa aanze na ipi? Karanga zimeisha, nataka kutazama.

#34 Reli ya Kati

One Week, dakika 20 hivi. Kisha Sherlock Jr., dakika 45. The General iwe ya tatu, usianze nayo, mwendo wake wa mwanzo ni wa taratibu. Halafu tazama The Cameraman na Speak Easily ya 1932 usiku mmoja, ndipo urudi hapa utuambie nani alimmaliza.

#35 Kisiki cha Mpingo

Kati ya hizo mbili aweke Spite Marriage ya 1929. Keaton aliomba MGM waipige kwa sauti, wakakataa, ikatoka bubu. Mtu mnayesema aliuawa na sauti ndiye aliyeiomba.

#36 Mzee wa Projekta

Na waliomnyima ni nani? Asante kwa ushahidi.

#37 Kisiki cha Mpingo

Ungesoma vizuri, hoja yangu #9 ilikuwa vifaa. Aliomba sauti, vile vibanda hakuviomba.

#38 Hesabu Kali

Na bado hakuna aliyenijibu kuhusu asilimia 25.